Deni la Sahani 28



Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Sisi walimu tumeifundisha methali hiyo miaka mingi, na watoto wameiandika vizuri madaftarini mwao. Lakini je, ikiwa aliyekudai amekwisha kufa, na fedha yenyewe imepoteza thamani, deni lipo au halipo? Swali hilo lilinikuta nikiwa katikati ya kula na kunywa.

Mwaka jana tulifunga safari, wastaafu wanne, kwenda Tanga tulikofundisha ujanani. Tulitoka Morogoro alfajiri, tukapita Chalinze na Segera, na mchana tukawa tumeketi Raskazone tukiitazama ghuba, kila mmoja na dafu lake mkononi. Tukaletewa samaki wa kupaka na bada, yaani ule ugali wa muhogo wa huko pwani. Tulicheka sana, tukiulinganisha mji tuliouacha na Jiji la leo. Ndipo mwenzetu mmoja akasema, “Kesho twende Ngamiani, tukale pale kwa yule mama. Siku hizi anapika binti yake.” Tonge likanikwama.

Niwaeleze sababu. Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu kijana, mgeni mjini. Zilikuwa siku za shida. Sukari, sabuni na unga tulivipanga foleni, na mahindi ya manjano tuliyopata, ugali wake tuliuita wa Yanga. Mshahara nao ulichelewa. Mama mmoja mwuza chakula, katika mojawapo ya zile barabara za nambari za Ngamiani, alinilisha kwa mkopo, sahani shilingi 5, akichora kila sahani kwa mkaa nyuma ya mlango. Ilipotimia michoro 28 nikapata uhamisho. Mshahara ulipokuja nilikuwa nimekwisha ondoka. Nikajiambia kwamba nitazituma fedha kwa posta. Sikuzituma. Mwanzo nilikosa nafasi. Baadaye nikaona haya kwa kuchelewa. Mwisho haya yenyewe ikawa ndiyo sababu ya kutolipa. Miaka yote hiyo, kila nilipopita Segera, nilifurahi kwamba basi langu haliingii Tanga.

Basi, niliwaungamia rafiki zangu. “Mwalimu,” akasema mmoja, “shilingi 140 leo hazinunui hata andazi. Deni hilo limejifia lenyewe.” Mwingine akasema, “Yule mama amekwisha fariki. Utamlipa nani?” Wakanisamehe pale pale, tukaendelea kula.

Usiku sikupata usingizi. Niliona kwamba hoja zile zina kasoro. Kwanza, yule mama hakunikopesha shilingi. Alinikopesha chakula, wakati ambapo chakula kilikuwa adimu. Shilingi imeshuka, lakini sahani moja hushibisha leo kama ilivyoshibisha siku ile. Pili, rafiki zangu walinisamehe kisichokuwa chao. Kusamehe ni haki ya aliyedhulumiwa, wala hakuna jambo rahisi kama kusamehe kwa niaba ya mtu mwingine. Tatu, kifo cha mdai hakimfutii mdaiwa cho chote. Kinamwonyesha tu kwamba amechelewa.

Kesho yake tulikwenda Ngamiani, tukala wali na maharage. Sahani ilikuwa shilingi 2,500. Nikapiga hesabu: mara 28, ni shilingi 70,000. Nikamwita yule binti pembeni, naye ni mtu mzima sasa, nikamweleza habari yote. Alinisikiliza bila kutabasamu. “Mama hakupata kunitajia,” akasema. “Lakini, mzee wangu, katika dini yetu haki ya marehemu ni ya warithi. Sisi tuko watano. Nitawagawia.” Akazihesabu noti mara mbili. Kisha akanikumbusha kwamba chakula cha leo bado hatujakilipia.

Nilitumaini kuondoka nikiwa mwepesi, lakini haikuwa hivyo kabisa. Zakayo twamsifu kwa kuahidi kurudisha mara nne. Mimi nimerudisha mara moja tu, tena kwa warithi. Na je, yule mama alifikiri nini kila alipoufunga mlango wake na kuiona michoro ile? Huenda baada yangu alikuja kijana mwingine mwenye njaa, akanyimwa kwa sababu yangu. Hilo sina noti za kulilipia.

Ndugu zangu, hapa kwetu wapo wanaotukopesha: mwenye duka, mama wa maandazi, jirani aliyetupimia kibaba cha unga siku tulipokosa. Yamkini kiasi ni kidogo, nasi twangoja tupate nafasi. Kama unadaiwa, nenda leo, maadamu mwenyewe yupo na anaweza kukuambia kwa kinywa chake kwamba yamekwisha. Nilimlipa binti yake, naye alizipokea kwa haki. Lakini neno hilo moja hakuweza kunipa.