Deni la Baada ya Ua

Swali la makala haya ni jepesi kulitamka, zito kulijibu: kitu kilichokwisha kutupa uzuri wake, kinatudai nini? Wengi watajibu upesi: shukrani. Lakini shukrani nayo ina mikono, na mikono yaweza kuponya au kuua. Natulitazame jambo hili katika mmea mmoja mdogo, okidi ya sapatu.

Imeitwa hivyo kwa kuwa petali moja ya ua lake imejikunja ikawa mfuko, mfano wa ncha ya kiatu. Kundi lake mashuhuri wataalamu huliita Paphiopedilum, jina lililoundwa kwa Paphos, mji wa Kipro uliokuwa na hekalu la Aphrodite, na neno la Kiyunani lenye maana ya kiatu. Asili yake ni Asia, tangu India hadi visiwa vya Solomon. Huku kwetu haioti ila ilipopandwa kwa mikono. Ua lake hudumu wiki nyingi. Likisha kuanguka, chipukizi lililolitoa halitoi jingine maishani mwake; hubaki na majani yake, likiwalisha wachanga wanaochomoza ubavuni, mpaka likakauka. Msomaji wa mwambao ameshaujua mwendo huu: mgomba nao huzaa mkungu mmoja tu, wana wake wakasimama pembeni.

Hapo baada ya ua ndipo penye hatari. Mmea huu hauna kiazi cha kuwekea akiba ya maji, basi mizizi yake haipendi kukauka kabisa. Lakini maji yakituama usiku kucha katika kiini cha majani, uozo huingia. Ua lililonyauka likiachwa juu ya majani mabichi, laweza kuyaozesha. Magome ya miti yanayojazwa chunguni nayo huchakaa kwa mwaka mmoja au miwili, yakawa tope lisilopitisha hewa. Ua lilipokuwapo, mwenye mmea hakutaka hata kukigusa chungu. Lilipoanguka aliingiwa na huruma, akazidisha maji. Wema uliochelewa huua namna hiyo.

Ugumu ni kwamba uzee na uozo hufanana machoni mwa mwenye haraka. Uzee huanzia majani ya chini. Jani hugeuka manjano polepole, kwa wiki na miezi, kisha hukauka. Uozo huja na doa la hudhurungi lenye majimaji, likatanda kwa siku chache kuelekea kiini, hata jani likang'oka kwa kuvutwa kidogo tu. Uzee huachwa umalize kazi yake. Uozo hutakiwa kisu kilichopitishwa motoni, kikate mpaka penye nyama safi. Wakulima wengi hupaka kidonda unga wa mdalasini, huu huu wa pilau zetu, kisha mmea ukawekwa penye hewa, bila maji majanini.

Basi wako wakosaji wawili. Mmoja hulikata chipukizi kuukuu kwa kuwa halina ua tena, akawanyima wachanga ziwa la mama. Wa pili huona uchungu kukata hata palipooza, akawapoteza mama na wana. Wahenga walimjua waliposema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wote wawili watakuapia kwamba wanaupenda mmea.

Mtu ataniuliza: mmea ni mali ya mwenyewe, akiutupa baada ya ua, amemdhulumu nani? Namjibu kwamba mapenzi ya ua peke yake hayaishii chunguni. Mwaka 1999 wataalamu waliitangaza okidi ya sapatu ya Vietnam, Paphiopedilum vietnamense. Haikupita miaka mingi wachumaji wakawa karibu wameimaliza msituni. Kwa upande wa pili, Uingereza ilidhani imekwisha kuipoteza okidi yake ya sapatu, hata mwaka 1930 ukaonekana mmea mmoja huko Yorkshire. Watu waliulinda kwa siri miaka mingi, ingawa kila kipupwe hutoweka ardhini usibakishe hata jani. Hao walilipa deni kwa kitu kisichokuwa na la kuwaonyesha kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Nasi wapenzi wa ushairi tujipime hapo. Mtunzi akiwa katika kuchanua kwake, hualikwa katika kila harusi na kila hafla. Sauti ikikauka, ni wangapi humbishia hodi? Ilhali katika ukimya ule ndimo kijana angeweza kujifunza mizani, maneno yaliyosahaulika na sababu ya kuchaguliwa kwake. Huo ni uzee, nao bado unalisha. Lakini tabia ya kuifungia miswada sandukuni kwa wivu, mpaka mchwa wakaisoma kabla ya wajukuu, huo si uzee wa kustahiwa. Ni uozo, na heshima kwa wakubwa isituzuie kuukata. Wala mfano huu usivukishwe mpaka wake: binadamu hakatwi, hukatwa tabia.

Deni la baada ya ua, kwa hiyo, hulipwa kwanza kwa macho. Atazamaye kwa subira hujua lipi limechoka na lipi limeoza. Asiyetazama, akate au aache, amebahatisha tu, na anayelipia bahati yake ni chipukizi changa.