Nani Anasema Hii ni Managu?

Desemba moja nikiwa ushago, nilimfanya shosho wangu amwage sufuria nzima ya managu.

Nilikuwa nimetoka Nairobi na simu mpya, na ndani yake programu ya kutambua mimea. Nikapiga jani moja picha pale shambani. Jibu likaja mara moja: Solanum nigrum, mmea wenye sumu. Nikamsomea shosho kwa sauti ya mtu aliyesoma. Hakubishana. Alisema tu, "Sawa kijana yangu, kama wamesema hivyo," akamwagia kuku. Kuku walishiba, na asubuhi wakaamka wote.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kusoma.

Kumbe managu si mmea mmoja, ni ukoo. Wajaluo huita osuga, Wakisii rinagu, Waluhya lisutsa, Waswahili mnavu, na chini ya kila jina kunaweza kuwa na spishi zaidi ya moja. Solanum scabrum ina majani mapana na matunda ya zambarau iliyokolea. Matunda ya Solanum villosum huiva kwa rangi ya machungwa. Ya Solanum americanum ni madogo, meusi, yanang'aa. Mwaka 1753, Linnaeus aliwaweka kadhaa wa jamaa hawa kuwa aina tu za Solanum nigrum. Mwaka 1768, Philip Miller, mtunza bustani wa Chelsea kule London, akawatenga kuwa spishi mbalimbali. Mimea ni ileile, lakini watu wawili wakatoa majibu mawili.

Macho yana shida zake. Jani hubadilika kulingana na udongo, kivuli na mbolea. Na mama mboga hakuuzii matunda. Anakufungia majani, mengi yakiwa yamechumwa kabla mmea haujazaa. Hapo ndipo maabara husaidia. Americanum ina kromosomu 24, villosum 48, scabrum 72. Alama za DNA nazo hulinganisha vipande vya maandishi ya ndani ya mmea, na maandishi hayo hayabadiliki eti kwa sababu mvua imechelewa.

Basi DNA ndiye hakimu? Nilitamani iwe hivyo, kesi iishe. Lakini angalia ile nigrum ya Ulaya. Nayo ina kromosomu 72, na ushahidi unaonyesha ilitokana na jamaa wa americanum kuchanganyika na villosum. Ishirini na nne kujumlisha arobaini na nane. Mtoto wa spishi mbili akawa spishi ya tatu. DNA inakuonyesha damu ilikopita. Mahali pa kusema "hapa ukoo mmoja unaishia, mwingine unaanza" bado tunapachagua sisi.

Kwa hivyo swali "ni ileile?" halijakamilika. Ni ileile kwa kazi gani? Mtafiti wa mbegu anataka kujua kama pakiti mbili zenye jina moja zitaota kitu kimoja. Mtaalamu wa mimea anatafuta nasaba. Shosho anauliza: naweza kumlisha mjukuu wangu hii? Kwa swali hilo ana vipimo vyake. Anachuma majani machanga, anaacha matunda mabichi ambayo kweli yana sumu, anachemsha, anaonja, anaongeza maziwa.

Sisemi shosho hakosei. Macho yake yamezoea shamba lake. Mleteeni mbegu kutoka mbali, zisizo na tunda, na huenda akahitaji maabara kama mimi tu. Heshima kwake isinifanye nidanganye.

Lakini kosa la siku ile halikuwa la sayansi. Programu ilichukua jina lililozoeleka Ulaya na onyo linaloandamana nalo, ikavitua juu ya mboga ambayo watu wameila vizazi na vizazi. Mimi ndiye niliyelibeba jina hilo hadi jikoni bila kuuliza lilikuwa linajibu swali gani. Jina halikai kwa kitu peke yake. Linakuja na amri: kula, usile, panda, ng'oa. Anayelitamka anapaswa kuwajibika kwa yule atakayetii. Simu haikulala bila mboga usiku ule. Shosho ndiye aliyelala bila mboga, tena kwa heshima yangu.

Nilirudi Aprili. Akanipa ungo.

"Leo simu inasemaje?"

"Iko kwa chaji, shosho."

Tukachuma pamoja. Baada ya muda akapekua rundo langu, akatoa jani moja, akalitupa. "Hii siyo."

"Umejuaje?"

Akaliokota tena, akaniwekea mkononi. "Ishike."

Nikalishika, nikalisugua kwa vidole, nikalinusa. Kwangu lilikuwa sawa na mengine yote. Nikamwambia hivyo. Akacheka, akasema nichume tu, ataendelea kupekua.