Zege la Jana

Tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island katika jimbo la West Virginia, Marekani, wajenzi 51 walikuwa juu ya jukwaa wakijenga mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme. Wote walikufa.

Mnara ulikuwa umefika mita 50 hivi. Jukwaa lao halikusimama ardhini. Lilifungwa kwa bolti kwenye ukuta wa mnara wenyewe. Walimwaga mkanda mmoja wa zege, kesho yake wakapandisha jukwaa na kulishikiza kwenye mkanda huo, kisha wakamwaga mwingine juu yake. Kwa hiyo uzito wa watu, mbao na mitambo ya kuvutia zege ulibebwa na zege la jana. Siku hizo kulikuwa na baridi, na baridi huchelewesha zege kushika. Asubuhi ile, zege likiwa linavutwa kwenda juu, mkanda wa jana uliachia. Ukuta ulibomoka kuzunguka mnara mzima, jukwaa likaporomoka na kila aliyekuwa juu yake. Wachunguzi wa serikali walibaini kuwa zege halikuwa na nguvu ya kubeba mzigo ule.

Mchoro wa mnara uliokamilika usingeonyesha hatari hiyo, kwa sababu mnara uliokamilika hauna jukwaa wala zege changa. Hatari ilikuwa ya asubuhi moja tu, na ndiyo iliyoua.

Leo tunayo modeli ya kidijitali ya jengo, ambayo huunganisha kila nguzo na kila slabu na ratiba ya kazi. Mhandisi husogeza tarehe kwenye kompyuta akaliona jengo litakavyokuwa Jumatano ijayo: ukingo upi wa ghorofa utakuwa hauna kizuizi, tundu lipi la lifti litakuwa wazi, kreni itapitisha mzigo juu ya vichwa vya akina nani. Anayaona hayo mapema, wakati kuhamisha kazi au kuagiza vizuizi bado ni rahisi.

Lakini modeli hujua kile tu ilichoambiwa. Ikichorwa kuta na madirisha bila jukwaa, kreni wala umri wa zege, itampendeza mwenye jengo na kumwacha fundi hatarini. Basi mkandarasi na aviingize vyote hivyo, ratiba ibadilike baridi au mvua inapochelewesha kazi, na jukwaa lisipandishwe kabla ya sampuli za zege kupimwa nguvu. Mafundi nao waonyeshwe modeli kabla ya kuanza kazi na wasikilizwe, maana wao ndio wanaosimama pale juu.

Funzo ni hili: usalama hupangwa kwa kila siku ambayo jengo bado halijakamilika, kwa kuwa ndizo siku ambazo watu hufanya kazi ndani yake likiwa dhaifu.