Mnashangilia Nini?

Nyinyi mnaosubiri pantoni hapa Kisorya mvuke kwenda Rugezi, shusheni simu mnisikilize. Humo kwenye video ndege ya kivita inamwaga mabomu, ghorofa linalala chini, nanyi mnapiga makofi kama goli limeingia. "Rudisha nyuma tuone tena!" Ole wenu! Chini ya vumbi lile kuna mtu alikuwa anakoroga uji.

Mnajitetea kwamba ndege za siku hizi hazikosei, zinapiga adui tu. Nani kawaambia? Novemba 1978, katika vita yetu na Uganda, marubani wa Idi Amin walilipiga mabomu daraja letu la Kyaka wakalikosa; mwishowe likavunjwa kwa baruti zilizotegwa kwa mkono. Machi 1979 ndege ya Libya ya Gaddafi, rafiki yake Amin, ilitumwa kulipua ghala la mafuta Mwanza. Mabomu yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Mkisimuliwa hayo mnavunjika mbavu. Haya, yangeangukia majumba ya watu ng'ambo ya kisiwa, Mwanza mjini, kicheko kingetoka wapi?

Ya Musoma hamyasimulii. Novemba ile ile ya 1978, ndege zetu tatu zilipita juu ya mji zikielekea Mwanza. Wapiga mizinga wetu wakazidhania za Amin, wakazitungua zote. Tuliwatungua wanetu wenyewe. Sasa aliye chini akishindwa kuitambua ndege ya ndugu yake, rubani anayepita juu kwa kasi atamtambuaje mama anayeanika dagaa mchangani?

Wala msiwatupie Amin na Gaddafi lawama zote. Mwaka 1979 ndege zetu nazo zilipiga Kampala na Jinja. Vita ile tuliletewa, sibishi. Lakini waliokuwa wakiishi jirani na shabaha zetu hawakutuletea wao.

Hata siku hizi ni yale yale: Machi 2025 ndege za jeshi la Sudan zilipiga soko la Tora, Darfur Kaskazini, siku ya gulio. Wachuuzi, wanunuzi, watoto waliofuata mama zao. Gulio mnalijua lilivyo, nyinyi watu wa Bunda. Mnajua nani huenda huko na nini kiko mfukoni mwake.

Na wewe uliyeituma video ya mlipuko asubuhi kwenye kundi la ukoo, ukaipamba kwa vicheko, ifute. Watoto wa dada yako wanashika simu hiyo.