Msitupe CD za Programu Kabla ya Kuzisoma

Vijana wangu, kila ofisi inapohama au kupakwa rangi, kuna boksi moja linalotolewa stoo na kuwekwa mlangoni kusubiri gari la taka. Ndani yake mna CD za Windows 98, za programu ya uhasibu, za printa iliyokwisha kufa zamani, na chini kabisa flopi zilizofungwa kwa mpira. Nawaomba kwa moyo wote: boksi hilo lisitoke kabla mtu hajakaa nalo.

Najua mtakavyonijibu. Kompyuta za siku hizi hazina hata sehemu ya kuingiza CD, na programu yoyote unaipakua ukiwa umekaa. Kwa programu mpya ni kweli. Lakini orodha ya mishahara ya mwaka 2001, iliyoandikwa kwa programu ambayo kampuni yake imeshafungwa, huenda isifunguke kwa programu yoyote ya leo. Faili mnalo, jina lake mnalisoma, ukubwa wake mnauona, na mkilifungua linamwaga vikorokoro. Mstaafu akija kudai michango yake ya miaka hiyo, mtamwambia nini? Programu ambayo ingelifungua faili lake mliitupa wenyewe.

Msidhani jambo hili huwapata wasio na fedha peke yao. Mwaka 1986, BBC ya Uingereza iliadhimisha miaka 900 ya Domesday, daftari la ardhi na mali lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walichangia habari na picha za maeneo yao, zikawekwa kwenye diski kubwa za leza zilizohitaji kompyuta na mashine maalumu ya kuzisomea. Miaka kumi na mitano tu baadaye mashine hizo zilikuwa zimeadimika, na wataalamu ikabidi wafanye kazi kubwa kuziokoa habari zile. Daftari la ngozi la mwaka 1086 bado linasomeka. Kama taifa lenye makumbusho na fedha lilifikia hapo, stoo yenu yenye joto na mende itasalimika vipi?

Basi fanyeni hivi. Tafuteni kisoma CD cha nje kinachochomekwa kwa USB, na kama flopi zipo, kisoma flopi cha namna hiyohiyo. Kabla ya kuingiza flopi, sogezeni kile kibati chake kwa kidole mwangalie kisahani cha sumaku kilicho ndani, mkikizungusha taratibu kwa kile kitovu cha chuma nyuma yake. Mkiona madoa meupe, huo ni ukungu, na sisi wa pwani tunaujua vizuri. Msiiingize. Ukungu utaganda kwenye kichwa cha kusomea, na flopi nzima itakayofuata itakwaruzwa nayo iharibike. Iwekeni pembeni, mpelekeeni fundi anayejua kuzisafisha.

Kwa CD, wengi hulinda upande unaong'aa na kutoujali ule wenye maandishi. Ni kinyume. Upande unaong'aa una plastiki nene zaidi ya milimita moja, na mkwaruzo mdogo hapo mara nyingi hauzuii kusoma. Ile tabaka ya alumini yenye habari iko chini kidogo tu ya maandishi, imefunikwa na rangi nyembamba. Kalamu ya ncha ngumu ikiandika hapo kwa nguvu, imetoboa kumbukumbu. Mkifuta vumbi, futeni kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, msizungushe.

Kisha msinakili mafaili machache mnayoyaona ya maana. Tengenezeni nakala kamili ya diski nzima, yaani, kwa CD, faili la ISO, mlihifadhi sehemu mbili tofauti, na mjaribu kulifungua kabla hamjaridhika. Pigeni picha jalada na kile kibandiko chenye namba ya leseni. Programu bila namba yake mara nyingi haikubali kusakinishwa. Na programu kuzeeka hakuiondolei mwenyewe haki yake. Nakala ya kujihifadhia isigeuke bidhaa ya kuuza mtaani.

Mkikutana na Jambo OpenOffice, ile programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, itunzeni hata kama hamtaitumia kamwe. Hiyo ni historia ya lugha yetu ndani ya kompyuta.

Sasa onyo. Msisakinishe programu hizi kwenye kompyuta ya kazi iliyounganishwa na intaneti. Hata Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 8 Aprili 2014, na CD za kununua mitaani nyingi zilikuja na virusi vyake. Ziendesheni kwenye kompyuta ya pembeni isiyo na mtandao, toeni mnachokitaka, mzime.

CD zikishanakiliwa, msizichome moto uani. Moshi wa plastiki ile na kava zake ni sumu, na wanaouvuta ni watoto wanaocheza hapo. Msizitundike shambani kufukuza ndege iwapo zina majina na mishahara ya watu. Anayeziokota anaweza kuzisoma. Kwaruzeni upande wa maandishi mpaka ile tabaka ya alumini ibanduke, kisha mzikate. Nairobi, WEEE Centre inapokea taka za kielektroniki. Tanzania, waulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakusanyaji wenye kibali.

Kama boksi hilo lipo ofisini kwenu, anzeni na flopi, kisha CD zilizorekodiwa kwenye kompyuta zenu wenyewe, kwa sababu rangi inayoshika habari zake hufifia kwa joto na mwanga. Za kiwandani zinaweza kusubiri kidogo. Anzeni wiki hii.