CHUI WA UNGUJA: Katika kubainisha uhai wake, kutoweka kwake, na madhara ya dhana mbaya

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho na kila kiendacho juu ya ardhi, akajidhamini kukiruzuku. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, na jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad:

Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa Mwenyezi Mungu ametuarifu katika Suratul-An'am, aya ya 38, kwamba wanyama wa nchi kavu na ndege warukao ni umma mfano wa wanaadamu. Na katika umma hizo kulikuwako moja iliyokaa katika kisiwa hiki tangu kabla ya misikiti yake na kabla ya nyumba za mawe za mji wake, nayo ni umma ya chui. Leo chui haonekani. Kwa hiyo yafaa Muislamu ajue alikuwa kiumbe gani, na ni kosa gani lililomwondoa, ili kosa hilo lisirudiwe.

FASLU YA KWANZA: Katika habari za chui na hikima ya kuumbwa kwake

Chui ni mnyama wa usiku, apendaye upweke. Dume na jike hawakutani ila kwa kupandana, khalafu kila mmoja hushika njia yake. Jike huchukua mimba kadiri ya miezi mitatu, akazaa wana wawili au watatu, nao huzaliwa macho yamefumba. Huwaficha pangoni au kichakani, na akihofu huwahamisha mmoja mmoja kwa kuwashika shingoni kwa meno yale yale ambayo kwayo huua, wala hayawadhuru. Hukaa nao mwaka mmoja na nusu au zaidi mpaka wajue kuwinda. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa Mwenyezi Mungu ana rehema mia, akateremsha moja tu duniani, na kwa hiyo moja mnyama wa mwitu humhurumia mwanawe. Basi amtazamaye chui na wanawe aijue rehema hiyo ilikotoka.

Bahari ilipopanda, zamani zipatazo miaka elfu kumi na zaidi, Unguja ikatengana na bara, na chui akabaki ndani yake. Pemba, iliyotengana mbele zaidi, haikuwa na chui. Huyu wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake madogo yaliyosongamana. Watu wa mashamba walipambanua namna mbili, wakiziita konge na kisutu. Mwaka 1932 mtaalamu wa wanyama wa London, R. I. Pocock, alimwandika kuwa ni namna mbali, akampa jina la Aders, mtaalamu wa viumbe aliyetumikia serikali ya Zanzibar. Wataalamu wa baadaye wakamhesabu pamoja na chui wote wa Afrika. Na katika makumbusho ya Mnazi Mmoja, yaliyofunguliwa mwaka 1925, uliwekwa mwili wake uliokaushwa.

Riziki yake ilikuwa paa, paa nunga, kima na nguruwe mwitu. Na pengine alichukua mbuzi na kuku wa watu. Mwenye shamba alihesabu mbuzi aliyeliwa, wala hakuhesabu mashina ya mihogo yaliyosalimika kwa sababu nguruwe aliliwa. Hivyo ndivyo alivyo mwanaadamu: hasara huiona, na neema humpita.

Wala si Unguja tu. Katika nchi za barafu, kaskazini ya dunia, Mwenyezi Mungu ameumba dubu mweupe, mwenye manyoya meupe na ngozi nyeusi chini yake, awindaye sili juu ya bahari iliyoganda. Jike huchimba shimo katika theluji akazaa humo wakati wa giza la baridi, akanyonyesha miezi mingi hali yeye mwenyewe hali kitu. Kila nchi imepewa mnyama wake mkali, na kila mnyama amepewa nchi imwelekeayo. Hakuna aliyeumbwa kwa mchezo.

FASLU YA PILI: Katika jinsi alivyotoweka

Watu walipozidi na mashamba yakaingia misituni, chui na mtu walikaribiana, na uadui ukazidi. Lakini haikuwa njaa ya chui peke yake iliyomwangamiza. Ilienea kauli ya kuwa wako chui wa kufugwa, walishwao na wachawi na kutumwa usiku kudhuru majirani. Basi chui akionekana karibu na mji, watu hawakuuliza amefuata mbuzi wa nani. Waliuliza katumwa na nani. Na jawabu ya swali kama hilo huwa jina la mtu: mzee akaaye peke yake, au ajuza asiye na mtoto wa kumtetea, au jirani mwenye ugomvi wa mpaka.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, katika miaka hiyo ya 1960, ilifanywa kampeni kubwa ya kusaka wachawi na kuua chui kwa pamoja, ikiongozwa na mganga mashuhuri aliyeitwa Kitanzi. Chui wengi wakauawa. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu waliona kuwa amekwisha au yu karibu kwisha. Mwaka 2018 ilitangazwa katika televisheni ya Marekani kuwa kamera imempiga picha chui kisiwani, walakini habari hiyo haikuthibitishwa.

FASLU YA TATU: Katika hukumu

Suala: Je, maulamaa wa Kishafii hawakumhesabu chui katika wanyama wenye kudhuru, ambao kuwaua kumependezwa?

Jawabu: Ndiyo, wamemhesabu. Lakini sababu waliyoitaja ni madhara, na hukumu hufuata sababu yake. Anayeshambuliwa, yeye au mali yake, ana haki ya kujikinga, naye huanza kwa jambo jepesi kabla ya zito, kama ilivyoelezwa katika mlango wa kumzuia mshambulizi. Ama kung'oa umma nzima mpaka asibaki hata mmoja, hilo ni jambo jengine. Imepokewa kwa Abdallah bin Mughaffal ya kuwa Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba lau mbwa wasingekuwa umma katika umma, angaliamrisha wauawe wote. Imam Al-Khattabi akafasiri kuwa amechukia kumaliza kizazi kizima cha viumbe, kwani hapana kiumbe asiye na hikima na manufaa. Na katika Sahihi mbili imo habari ya Nabii aliyeumwa na chungu mmoja akachoma kijiji chao kizima. Mola wake akamlaumu kwa kuangamiza umma yenye kumsabihi kwa ajili ya mmoja aliyeuma.

Suala: Na aliyetuhumiwa kufuga chui kwa uchawi, hukumu yake nini?

Jawabu: Bayyina ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Kuona chui nyuma ya nyumba ya mtu si bayyina, wala neno la mganga si ushahidi. Amwendeaye mpiga ramli kumwuliza, imethibiti katika Sahihi Muslim ya kuwa Sala yake haikubaliwi siku arubaini. Na Suratul-Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Basi aliyemtuhumu jirani yake bila ya hoja amedhulumu mara mbili: amemdhulumu Muislamu katika heshima yake, na amemdhulumu mnyama kwa kumtwika kosa la mwanaadamu. Chui hajui husuda, wala hachukui kisasi cha mtu. Husuda iko katika vifua vya watu.

KHATIMA

Chui akitoweka, dhana haitoweki. Hutafuta wa kumwangukia. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja na visiwa vidogo vilivyo karibu nayo tu, naye amesemwa kuwa ana sumu na kuwa miti aliayo hukauka. Wengi waligongwa na magari katika njia ipitayo Jozani mpaka yakawekwa matuta. Msitu huo pamoja na Ghuba ya Chwaka umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, nao ni amana. Paa nunga pia amebaki kidogo. Mwenye shamba aliyeharibiwa mazao yake ana haki ya kusikilizwa na kusaidiwa, wala asiambiwe asubiri tu; lakini haki yake haimhalalishii mtego na sumu kwa kila kiumbe cha msituni.

Na kila mmoja na aitazame nafsi yake: ni jirani gani amempa jina baya kwa kusikia tu? Yule aliye hai na amwombe radhi, na aliyekwisha kufa na amwombee maghufira. Kwani Siku ya Kiyama, kama ilivyokuja katika Hadithi, hata mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kwa yule mwenye pembe. Basi itakuwaje hesabu ya mwenye ulimi?

Ewe Mola, tusafishe nyoyo kwa dhana mbaya, na ndimi kwa tuhuma, na utujaalie kuwa walinzi wa amana uliyoiweka katika kisiwa hiki. Amin. Wallahu aalam.