Taa Isiyowaka

Ndugu msomaji, kuna jambo linanikera moyoni tangu mvua za mwaka huu zilipokatika, na kwa kuwa nyumbani sina wa kumweleza, naliweka hapa. Ni jambo la gari. Usicheke. Najua kurasa hizi zimezoea mapenzi, umaskini na kifo. Mimi mwenyewe nina riwaya niliyoianza nilipomaliza kidato cha nne, ina vyote vitatu, na haijafika sura ya tano. Lakini swali lenyewe si dogo: mtu akiizima sauti iliyowekwa ili imwonye, amemkosea nani?

Nianze na mjomba. Ndiye aliyenilea hapa Tabora tangu nikiwa darasa la tatu, akanivisha, akanisomesha, na niliposhindwa mtihani hakunitukana hata neno moja. Miaka miwili iliyopita alinunua gari lililotumika, likashuka bandari ya Dar es Salaam. Unajua tena, Wajapani huendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana magari yao huja kumalizia uzee huku kwetu. Mjomba akawa dereva, nami msaidizi wake: kuosha, kubeba mizigo, kudai nauli kwa wasiotaka kulipa.

Gari likaja na lugha yake. Ukifungua swichi asubuhi, sauti ya mwanamke inakusemesha Kijapani, kwa adabu kabisa. Mwaka mzima tulikuwa tukiitikia, "Marahaba, mama!" Baadaye ndiyo nikagundua kwamba hatusalimii. Anasema kadi haijaingizwa, maana yake kadi ya kulipia barabara za kwao. Redio inaishia namba 90, stesheni zilizo juu ya hapo huzipati mpaka uifungie kifaa kingine. Ramani inadhani bado tupo kwao. Kiti cha dereva kina kitufe cha kukipasha joto. Joto, bwana! Tabora, mwezi wa kumi!

Hivyo vilikuwa vichekesho. Kitu cha maana kilikuwa juu, nyuma ya kioo cha mbele: kamera mbili ndogo, zimekaa kama macho. Subaru walianza kuuza mtambo wa namna hiyo kwao Japani mwaka 2008 kwa jina la EyeSight, wengine wakafuata, Toyota wakaja na wa kwao mwaka 2015. Kazi yake ni hii: macho mawili hupima umbali wa kilicho mbele, kama wewe unavyopima kwa macho yako mawili. Ukikikaribia mno, gari linapiga kelele. Usiposikia, linashika breki lenyewe. Mjomba alilipenda jambo hilo kuliko mke. Barabara ya Itigi, kwenye lami iliyonyooka msituni, aliweka mwendo kwa kitufe, akatoa mguu kwenye pedali, akaniambia, "Mjomba, tazama, linajiendesha." (Sisi huitana mjomba wote wawili.) Mara mbili nilimwona kope zinashuka.

Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani, nami siwezi kuona kitabu nikakiacha. Nikapiga picha kurasa zake kwa simu, simu ikazitafsiri, tafsiri ya kuchechemea lakini ya kueleweka. Msomaji, waliotengeneza gari ni waungwana kuliko wauzaji. Wameandika wenyewe kwamba tope kwenye kioo, mvua kubwa, ukungu, au jua linalochwa likikupiga usoni, vyote vinaweza kuyapofusha macho yale. Wameandika kwamba wanyama na vitu vyenye umbo lisilo la kawaida vinaweza visitambuliwe. Sasa niambie, barabara zetu za huku Unyamwezi zina nini kingine? Ng'ombe, mikokoteni, na baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa mpaka mwenye baiskeli haonekani. Tena wameandika kwamba mwenye dhamana ni dereva. Nilimsomea mjomba. Akasema, "Hayo wanaandika ili wasishtakiwe." Huenda ni kweli pia.

Halafu siku moja, nyuma ya lori la tumbaku njia ya Urambo, jiwe likaruka likapasua kioo. Tukaagiza kingine Dar es Salaam, fundi akakifunga hapahapa mjini. Kesho yake taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, haikuzimika. Kitabu kilikuwa kimelisema hilo pia: kioo kikibadilishwa, kamera lazima zipimwe upya kwa vifaa maalumu. Vifaa hivyo fundi wetu hakuwa navyo. Mjomba akasema taa haili mafuta, iache iwake.

Wiki ya tatu, saa moja usiku, tunarudi mjini. Mbele yetu baiskeli ya mkaa, haina taa. Mimi nilikuwa nahesabu pesa. Mjomba aliiona, nina hakika aliiona, lakini mguu wake ulichelewa, kwa sababu kwa miaka miwili mguu ule ulikuwa umefundishwa kusubiri. Alikuwa anangoja gari lipige kelele. Gari likakaa kimya. Akakata usukani, tukalikwangua gunia, yule bwana akaanguka kwenye majani. Aliinuka mzima, akatutukana kwa Kinyamwezi matusi ambayo siwezi kuyaandika. Tukamlipa mkaa wake. Njiani mjomba hakusema kitu, ila mikono ilikuwa inamtetemeka.

Ungedhani baada ya hapo angelipeleka gari likapimwe. La! Aliamua kuliuza. Alikuwa na mkopo, na ada ya mabinti wawili. Gari lenye taa ya njano halipati bei. Akamwita fundi umeme jioni, wakafungua dashibodi, wakabandika kipande cha tepu nyeusi juu ya ile taa, kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nani alishika tochi? Mimi.

Nilipokuwa nimeshika tochi ile nilikumbuka kitu kimoja juu ya mji huu. Wageni wanaokuja Tabora hupelekwa Kwihara kuona tembe la Livingstone, ambako yeye na Stanley walikaa mwaka 1872, wakapiga picha wakaondoka. Mimi sikuwahi kuvutiwa sana na wale wazee wawili. Wanaonivutia ni wapagazi, babu zetu, waliobeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kutoka hapa mpaka Bagamoyo na kurudi. Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Njia ilipofika panda, waliotangulia waliiziba ile isiyo yenyewe kwa kulaza tawi la mti, au kwa kuchora mstari chini, wakapita zao. Hapakuwa na kibao wala askari. Tawi tu.

Fikiri sasa mpagazi wa katikati. Anamwona mwenzake aliye mbele, njia anaijua, na tawi lile linamkwaruza miguu. Akilitupa porini, yeye hapotei. Anayepotea ni yule mgonjwa aliyebaki nyuma, anayefika pale jua likiwa linazama. Nadhani hapo ndipo swali langu lilipojifungua. Siku zote nilidhani onyo ni mali ya anayeonywa, kwamba likinichosha nina haki ya kulinyamazisha, kama saa yangu ya kuamkia. Kumbe onyo ni la wanaokuja nyuma.

Mjomba angenicheka. Angesema, "Hao babu zako walifika Bagamoyo bila kamera." Na nikubali, hoja hiyo ina uzito. Landrova kuukuu isiyo na kengele hata moja haijamdanganya mtu. Anayeiendesha anajua macho ni yake, masikio ni yake, na Mungu ni wa wote. Nikubali tena kwamba mashine yenyewe ina makosa. Ilikuwa ikipiga kelele kwa vitu ambavyo mimi sikuviona, na mwenye kupiga kelele kila siku mwisho hasikilizwi. Mkanda nao vivyo hivyo: abiria wa mbele hataki kufunga, kengele inalia ti-ti-ti mpaka Sikonge, basi madereva wanachomeka kile kichuma cha mkanda uliokatwa kwenye gari bovu, kengele inanyamaza, inadhani mtu amefungwa. Nami nilikinunua kimoja, tena nikajisifu nimepunguziwa bei. Abiria anayekaa kiti kile anasikia ukimya, naye anausoma ukimya kama habari njema.

Ndiyo maana nasema gari lisilo na macho ni afadhali kuliko gari lililopofushwa huku mtu akiambiwa linaona.

Jambo hili si la Tabora peke yake. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, huko Marekani, mama mmoja aitwaye Elaine Herzberg alikuwa anavuka barabara akikokota baiskeli. Gari la kampuni ya Uber, lililokuwa likijaribiwa kujiendesha, likamgonga akafa. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba mashine ilimwona zaidi ya sekunde tano kabla, ila ikawa inabadili mawazo: ni gari, ni kitu kingine, ni baiskeli. Lile gari lilikuwa Volvo, lenye breki yake ya dharura tangu kiwandani, nayo ilikuwa imezimwa ili isigombane na mitambo ya Uber. Na kwenye usukani alikaa mtu mzima, aliyelipwa mshahara kwa kazi moja ya kutazama barabara. Alikuwa akitazama simu. Mwaka 2023 dereva huyo alikiri kosa, akahukumiwa miaka mitatu ya uangalizi nje ya jela. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. Kila nikisoma habari hiyo naona mlolongo wa watu, kila mmoja akiamini kuna mwingine anayetazama.

Basi gari letu likapata mteja. Mwalimu mstaafu, mama mmoja wa Cheyo, mwenye kiinua mgongo mkononi. Alikuja na mjukuu wake. Akazunguka gari, akagonga milango, akauliza mafuta. Halafu akasema neno ambalo hadi leo nalisikia: "Mimi macho yangu jioni siyaamini tena. Nimesikia haya magari siku hizi yanaona yenyewe." Mjomba akacheka kwa furaha, akagonga kioo pale juu, akasema, "Mwalimu, hapa una macho mawili ya ziada." Wala hakudanganya, ukihesabu maneno. Macho yalikuwapo, mawili.

Mwalimu akanigeukia mimi. Nadhani aliniona na simu na kile kitabu cha gari, akadhani ni msomi. "Ni kweli, mwanangu?" Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu, zipo kamera mbili."

Zipo kamera mbili! Nimeandika kurasa nyingi za uwongo katika riwaya yangu na hakuna sentensi iliyonitoka kwa urahisi kama ile.

Siku tisa sikulala vizuri. Mjomba amenilea. Mjomba hakuiba ada ile, amewalipia watoto wake. Nikienda kusema, namvua nguo mbele za watu mtu aliyenivisha. Nisipokwenda, kuna mama anaendesha magharibi kutoka Ipuli, mguu wake ukijifunza kusubiri. Wazee husema mficha uchi hazai, lakini wazee haohao ndio waliotufundisha kwamba ya nyumbani hayatoki nje. Mara nyingine naona methali zetu zimekaa sokoni kama ndizi, kila mtu anachukua anazotaka.

Jumamosi nikaenda Cheyo kwa miguu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mjomba hajambo?"

"Hajambo. Naomba ufunguo nikuonyeshe kitu."

Nikamweka yeye kwenye usukani. Nikamwambia afungue swichi tu, asiwashe injini. Hapo, msomaji, karibu gari lolote la siku hizi hujaribu taa zake za onyo: huwaka pamoja, nyingine huzimika baada ya sekunde chache, nyingine hungoja mpaka injini iwashwe. Watu wengi huogopa taa inayowaka. Ya kuogopa zaidi ni ile ambayo hata kwenye jaribio hilo haiwaki. Nikamwomba tuhesabu pamoja. Betri. Oili. Injini. Breki. Mkanda. Alihesabu kwa sauti, kama anaita majina darasani. Yule mwanamke wa Kijapani akaomba kadi yake. Mwalimu akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo cha dashibodi, akaweka kidole penye giza.

"Hapa pana nani?"

Nikamweleza. Jiwe, kioo, mtu wa mkaa, tepu, tochi. Tochi niliitaja mwishoni, nusura niiache.

Alikaa kimya muda mrefu. Akazima swichi. "Mjomba wako anajua umekuja?"

"Hajui."

"Basi ingia ndani unywe chai kwanza," akasema, "maana ukirudi sijui kama utapewa."

Tepu imeshatolewa. Taa ya njano inawaka saa zote, na Mwalimu analirudisha gari nyumbani kabla jua halijazama, mpaka atakapopata nafasi ya kulipeleka Dar es Salaam. Mjomba amemrudishia sehemu ya pesa. Kiasi gani, sikuambiwa. Tunakula sinia moja kama zamani, ila hanisemeshi. Akitaka chumvi anamwambia mkaza mjomba aniambie nimsogezee, na chumvi yenyewe iko mbele yangu, nami namsogezea.